Viwavi Waliokula Mpaka

Jumanne, 29 Aprili 2025

Bimkubwa ameondoka. Nimembebea kapu hadi barabarani Kinondo, mimi mwenyewe, na umri wangu huu na cheo changu. Anakwenda Likoni kwa bintiye Muhsina, akatolewe mtoto wa jicho. La kulia limeshaziba, la kushoto nalo linaiga. Kapu zito! Nazi, machungwa, mabumunda, na kuku mmoja hai aliyenidonoa mkono njia nzima. Utasema anahamia Dubai.

Kabla hajapanda gari nikampa maneno ya kiume. Nyumba yako, kuku wako, shamba lako, niachie mimi — ukirudi utavikuta vizuri kuliko ulivyoviacha. Akacheka. Akasema, "Vizuri zaidi sitaki, Kaloki mwanangu. Niwekee vilevile."

Huyu mama siwezi kumlipa hata nikipewa maisha mawili. Mama yangu alipolala kitandani, mimi niko Hamburg nawachanganyia Wajerumani vinywaji (miezi sita tu, lakini hapa kijijini nilisema miaka miwili, na siku hizi hata mimi naamini). Nani aliyemwosha? Bimkubwa. Nani aliyemgeuza ubavu? Bimkubwa. Mdigo, Mwislamu, wala hatuna undugu wa damu — anaingia kwetu alfajiri na beseni la maji ya moto. Hakuombwa na mtu. Nikarudi na viatu vyangu vya kung'aa nikamkuta mama kanenepa, kasukwa nywele.

Hiyo haina zawadi. Mungu ampe macho, basi.

Ijumaa, 2 Mei

Tumeingiliwa na wageni. Tena jeshi.

Nimetoka asubuhi kutazama mayungiyungi ya mpakani. Masika yameyaamsha, majani marefu kama mikanda, maua meupe yenye mstari mwekundu katikati, harufu ya hoteli ya nyota tano. Nilipokuwa baa kule Diani watalii walikuwa wakiniuliza ua hili laitwaje. Nawaambia laitwa Kaloki. Wanaandika!

Leo majani yamelala chini. Ngozi ya juu ipo, ndani hamna kitu, kama bahasha tupu. Nikapasua moja. Viwavi! Wamelala ubavu kwa ubavu kama samaki kwenye kopo. Weusi tititi, madoa ya manjano, kichwa chekundu. Wamevaa vizuri kuliko mimi siku ya harusi yangu.

Nikawaita kuku wa Bimkubwa waje karamuni. Jogoo akaonja mmoja, akamtema, akapangusa mdomo ardhini kama bwana aliyepewa chai ya chumvi. Wenzake wakamtazama, wakaondoka zao. Nikapiga picha nikaiuliza simu. Simu ikasema huyu ni mtoto wa nondo, na jina la Kilatini — nikalisoma kwa sauti ya padri, Kamene mke wangu akaitikia amina kutoka jikoni. Nondo hutaga chini ya jani. Watoto huingia ndani ya jani, hula wakishuka, mpaka kwenye tunguu lenyewe. Wakishiba huzama ardhini wakajifunga, wakatoka nondo, wakaanza tena. Na hawali kitu kingine ila yungiyungi na jamaa zake. Muhogo hawagusi. Mahindi hawagusi. Watu wa hadhi, wanachagua hoteli.

Sasa ubaya ni huu. Mayungiyungi yale si pambo. Ndiyo mpaka wenyewe. Kati yetu na Bimkubwa hakuna ukuta wala senyenge. Baba yangu Musyoki alipotoka Kitui akapewa shamba hili la skimu ya serikali, Shehe, mumewe Bimkubwa, alikwenda Msambweni kando ya mto akachimba matunguu, wakapanda pamoja kutoka njiani mpaka bondeni. Wote wawili sasa marehemu. Na mstari wao si wa rula! Unapinda kama nyoka aliyeshiba. Hapa walikwepa mkorosho, pale walikwepa kichuguu. Mkorosho umekufa zamani, kichuguu kimesawazishwa, kona zimebaki.

Walipanda kwa kushika jembe moja, mkono wa huyu na mkono wa yule, shimo baada ya shimo. Wakasema mpaka huu haupandwi wala haung'olewi na mkono wa nyumba moja. Katikati wakaacha pengo la mwanamke mwenye beseni kupita bila kugeuka upande. Tunaliita mlango. Bimkubwa na Kamene hupita hapo kila siku ya Mungu. Chumvi inakwenda, kaa la moto linakuja, umbea unakwenda na kurudi.

Kesho nitawashughulikia hawa mabwana.

Jumamosi, 3 Mei

Nimewashughulikia. Wamenishughulikia zaidi.

Kutwa nzima nawaokota mmoja mmoja, kama mpishi anayetoa mawe kwenye mchele. Ukimaliza shina hili, lile ulilomaliza mwanzo limeshajaa. Na harufu! Jani likioza linatoa ute unaokung'ang'ania vidoleni mpaka kwenye sahani ya chakula. Baadhi wamefika kwenye tunguu. Wakila moyo wa tunguu, kwisha habari.

Kamene akasema nipige simu Likoni. Nikamwambia mama wa watu anafanyiwa jicho Jumatatu, nimpigie nimwambie mpaka wako unaliwa? Daktari amemkataza hata kulia. Akasema haya, basi mwite Abubakar, uwepo mkono wa nyumba ile. Huyu Abubakar ni mtoto wa kaka yake Bimkubwa, ana karakana ya kuchomelea milango pale Ukunda, na siku hizi huja baada ya siku mbili tatu kutazama kuku wa shangazi yake. Nikasema Abubakar anajua bawaba, mimea hajui. Mimi nimefanya kazi bustani ya hoteli! (Wiki mbili. Halafu wakagundua kipaji changu cha baa.)

Kamene akarudi jikoni. Sufuria zake zina sauti kubwa kuliko honi ya lori.

Jumatatu, 5 Mei

Kazi imekwisha! Andika, Kaloki, wajukuu wasome!

Nimeng'oa mayungiyungi yote, njiani mpaka bondeni, peke yangu, na mgongo huu mbovu. Majani nimeyachoma pamoja na wapangaji wake. Matunguu — mengine kama kichwa cha mtoto — nimeyachuna sehemu zilizooza, nimeyalowesha kwenye maji ya mwarobaini na jivu, yako bandani kwa mbuzi yanakauka. Kisha ule mkanda wa ardhi nimeulima wote, mashimo tu nimeyaacha wazi, ili wale waliokwisha kuzama wachomwe na jua. Nimewaona, wamejifunga ndani ya viganda vya kahawia, kama kokwa za tende. Wiki ijayo kila tunguu linarudi kwenye shimo lake. Bimkubwa akija atakuta majani mapya, atayaona kwa jicho jipya.

Kamene akauliza mbona sikuweka vijiti kwenye mashimo. Nikamwambia, mke wangu, umeolewa na mtu aliyekuwa akichukua oda za ukumbi mzima bila kalamu, na bia ya Mswisi haikuwahi kwenda kwa Mwitaliano. Vijiti ni vya wenye vichwa vinavyovuja.

Jioni Muhsina amepiga simu. Jicho limefanyika salama! Nimeimba. Kamene amenikanya, nimeimba ubeti wa pili. Asante Mungu, asante daktari nisiyekujua jina, asante na aliyebuni kisu kidogo kiasi kile.

Jumatano, 7 Mei

Mvua tangu jana alasiri. Si mvua, ni ugomvi. Maji yameshuka shambani kama yametumwa. Ule mkanda wangu umelala laini kama sakafu iliyokandikwa. Hakuna shimo. Hakuna kona. Mlango uko wapi? Hakuna mlango mahali ambapo hakuna ukuta.

Lakini kichwa ninacho. Nakumbuka yote.

Karibu yote.

Alhamisi, 8 Mei

Abubakar amekuja kutazama kuku. Nilikuwa bandani. Nikamsikia anazunguka, anasimama, anazunguka tena. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Kisha akaniuliza mpaka uko wapi. Nikasema uko bandani, njoo uuone.

Nilidhani nitamchekesha.

Nikamweleza viwavi, tunguu, mwarobaini, mvua. Kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyosikia mwenyewe kwamba ni hadithi ya mwizi. Viwavi wako wapi? Nimewachoma. Mashimo yako wapi? Yamechukuliwa na maji. Nani alikuwepo? Mbuzi. Akaniambia hiyo stori haiingii akilini. Akatazama ule uwanja mtupu, akasema polepole, bila kunipandishia sauti:

"Mzee Kaloki. Umengoja shangazi afungwe jicho."

Akaniaga kwa adabu. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 11 Mei

Habari imefika kanisani kabla yangu. Baada ya ibada jamaa mmoja akaniuliza kama naweza kumsaidia, naye ana jirani mwenye shamba zuri, labda viwavi wangu wanakodishwa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana mimi ndiye mchekeshaji wa hapa na sharti niheshimu kazi ya wenzangu. Menza, mzee wa kijiji, hakucheka. Alinishika mkono akaniambia ameambiwa, na hatasema kitu mpaka mwenye shamba arudi. Menza akikataa kusema kitu, ujue ameshasema.

Mchana lori limeshusha nguzo za simiti uwanjani kwa Bimkubwa. Abubakar anataka kufunga fensi. Kamba moja iliyonyooka, kutoka njiani mpaka bondeni, senyenge juu mpaka chini. Ninamwelewa! Shangazi yake ni mjane, haoni vizuri, jirani ameng'oa mpaka. Ningekuwa mimi ningeleta na mbwa.

Kamene akamwuliza wao wanawake watapita wapi. Akajibu kwa upole kwamba watazunguka barabarani, kama watu.

Kutoka jiko letu mpaka la Bimkubwa, kwa mlango, chai haipoi. Kwa barabarani ni safari. Mama wa miaka sabini na kitu hatazunguka kila asubuhi kwa ajili ya kijiko cha chumvi. Atazoea kukaa peke yake. Na sisi tutazoea. Ndivyo majirani wanavyokufa bila matanga.

Amesema atangoja shangazi arudi, aseme ndiyo, ndipo achimbe. Namshukuru kwa hilo. Wengine wangechimba kwanza.

Kamene hajaniambia "nilikuambia." Miaka yote hii ya ndoa, na amelala na sentensi hiyo mdomoni bila kuitoa. Sijui nilifanya wema gani nikampata.

Alhamisi, 15 Mei

Nimejaribu kuchora mstari kwa jivu. Kujaribu tu, kuukumbusha mkono. Nikatoka njiani, nikapinda mkorosho, nikapinda kichuguu, nikafika bondeni. Nikarudi nyuma kuutazama. Mzuri sana. Na umeingia kwa Bimkubwa.

Nikaufuta. Nikachora wa pili, macho makali. Umeingia kwa Bimkubwa.

Sikukusudia! Naapa kwa kaburi la baba. Lakini mkono una tamaa yake, haumwulizi mwenyewe. Wa tatu nikauvuta ndani kwangu kwa nguvu, mpaka ukapita juu ya mihogo yangu, na huo ukaonekana kama wa mtu anayenunua msamaha. Kamene alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Akaja, akaufuta kwa mguu, akaniambia twende ukale.

Sasa nimeelewa kwa nini wazee walisema mikono ya nyumba mbili. Si kwamba hawakuaminiana. Kila mmoja hakujiamini mwenyewe.

Hili neno zuri. Nitalisema mahali siku moja kama langu. Ni langu!

Jumanne, 20 Mei

Bimkubwa amepiga simu mwenyewe. Abubakar amemwambia yote, na kwa haki, hakuongeza chumvi, maana Bimkubwa alinisimulia nami sikupata cha kusahihisha. Nikampa shikamoo, nikaanza kujieleza, nikafika kwenye kuku aliyetema kiwavi. Akanikatiza:

"Usipande kitu. Usiguse. Nakuja Jumamosi."

Basi. Hakucheka hata pale pa jogoo. Pale kila mtu hucheka.

Nimekosa usingizi, mimi ninayelala hata kwenye mkutano wa hadhara. Sihofii ardhi. Achukue mpaka mlangoni kwangu. Ninachohofia ni asubuhi ya kuamka nisisikie tena ile "hodi" yake inayokuja baada ya yeye mwenyewe kuwa ameshaingia.

Jumatano, 21 Mei

Magharibi, taa ya banda imewashwa, nikamwona ukutani. Nondo. Ndiye! Nimemlinganisha na picha ya simu. Watoto wanavaa kama wafalme, mama mtu rangi ya majivu, koti la mtumishi. Akifungua mbawa ndipo unaona chini yake nyeupe, kama shimizi safi ya mwanamke maskini. Ametoka ardhini, basi jua langu halikumchoma mtu.

Nikainua kandambili nimponde. Nikaitazama ile kandambili. Huyu amekula mpaka, kweli. Lakini aliyeung'oa si yeye. Nikaishusha. Akaruka, akaenda zake kwenye gunia la matunguu.

Matunguu yenyewe yanachipua! Ncha za kijani, kila moja. Hayana ardhi, hayana maji, yanachipua guniani. Nimeyashika nikaona aibu na furaha pamoja.

Jumamosi, 24 Mei

Amerudi. Naandika yote kabla sijayapamba.

Amekuja na Muhsina, miwani myeusi usoni, kama mwanamuziki wa taarab aliyestaafu. Nilimngoja barabarani nimpokee kapu, safari hii halina kuku. Akavua miwani, akanitazama kwa jicho jipya kutoka juu mpaka chini, akasema, "Kumbe umezeeka hivi, maskini." Nikacheka mpaka machozi. Yalikuwa machozi mengine pia, lakini nimeyaficha humo humo.

Hakunywa hata maji, akaenda moja kwa moja mpakani. Abubakar alikuwa ameshafunga kamba yake kwenye vigingi, imenyooka tii. Menza alikuja akasimama mbali kidogo, mikono nyuma. Bimkubwa akatazama uwanja mtupu. Akatazama kamba. Akaniambia nilete tunguu moja. Nikamletea kubwa, akalinusa, akaligeuza, akagusa chipukizi kwa ncha ya kidole.

"Matunguu umeyaokoa," akasema. "Mpaka umeupoteza."

Nikasema ndiyo, mama. Nilikuwa na hotuba nzima. Nikasema ndiyo, mama, tu.

Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema nilihofia atalia, jicho liharibike. Akasema sasa je, hakulia? Alilia kule Likoni siku nzima, na jicho halijadondoka. Hapo nilitamani ardhi inifungukie niingie na wale viwavi.

Kisha akamgeukia Abubakar. Akamwuliza akitaka chumvi atapita wapi. Abubakar akasema shangazi, nitakununulia chumvi, nitakununulia gunia zima, usiwe na haja ya kumwomba mtu. Kijana ana moyo, nasema hata kama anataka kunifungia. Bimkubwa akatabasamu kidogo.

"Gunia la chumvi nitaongea nalo nini, mwanangu?"

Abubakar akainama. Lakini kamba hakuifungua. Akasema, kwa heshima zote, leo mzee Kaloki ni mtu mwema, kesho je? Kesho mjukuu wake? Nikasema moyoni, amesema kweli. Menza naye akakohoa, kikohozi cha kukubali.

Bimkubwa akasema amechoka. Kesho asubuhi baada ya swala, umande ukiwa bado mbichi, tukutane hapa nyumba zote mbili. Niende na jembe moja tu.

Kwa nini umande? Sijui. Sikuuliza. Nimejifunza kutouliza, nimechelewa miaka sitini.

Jumapili, 25 Mei

Sijaenda kanisani. Mungu anajua nilipo, naye yuko hapa hapa leo, nimemhisi.

Naandika nikiwa nimekalia nguzo za Abubakar, maana tumesimama kidogo, chai inachemka. Niwahi.

Bimkubwa alisema macho tusiyaulize. Yake yalikuwa mabovu, yangu yana tamaa. Akasimama mlangoni pa jiko lake, akavua viatu, akafumba macho yote mawili, akaanza kuja. Muhsina alitaka kumshika mkono, akamkatalia. Upande wetu akamwambia Kamene afanye vivyo hivyo, beseni kichwani, miguu mitupu, macho yamefumbwa, kama asubuhi yoyote anayokwenda kuomba moto. Wamama wawili wanatembea wamefumba macho, mmoja anatoka huku, mwingine kule, kwenye uwanja usiokuwa na alama. Mimi nimeona mengi, nimeona treni inaingia chini ya mto kule Ulaya. Sijaona kama hili.

Bimkubwa akasimama. Akaushika upindo wa kanga yake.

"Hapa ndipo kanga ilipokuwa ikilowa."

Majani ya mayungiyungi, kumbe. Kila alfajiri akipita mlangoni, umande wa majani ya pande zote mbili ulimlowesha miguu na kanga. Miguu inakumbuka baridi yake, na ndipo alipokuwa akiinua pindo. Kamene hajafika. Hatua, hatua nyingine, beseni limetulia. Naye akasimama, akainua gauni lake kidogo, bila kuambiwa. Walipofumbua macho walikuwa wanaweza kushikana mikono. Wakashikana.

Menza akasema mlango umepatikana.

Abubakar akatazama kamba yake. Ilikuwa inapita katikati ya tumbo la Kamene.

Sasa jembe. Nikalinyanyua, nikamkabidhi Bimkubwa mpini tushike pamoja, na Muhsina akapiga kelele kwamba daktari amemkataza kuinama, mwezi mzima, asiiname hata kuokota sindano. Basi tukakwama. Mkono wa nyumba moja hauruhusiwi, na wa nyumba ya pili hauinami. Muhsina akajitokeza, mamake akamrudisha. Akasema Muhsina ameolewa Likoni. Atakayekaa na mpaka huu ni Abubakar.

"Shika, mwanangu. Wewe ndiye mkono wa nyumba yangu."

Alilitazama jembe kama limechomwa moto. Mikono yake ina makovu ya kuchomelea, vidole vya chuma. Akashika. Mkono wake juu ya wangu. Hakunitazama. Shimo la kwanza tukachimba, kushoto kwa mlango, jembe linakwenda zigizagi kwa sababu yeye anavuta na mimi navuta. La pili kulia kwake. Hapo hapakuwa na ubishi, miguu ya wamama imeshahukumu. Tukatia matunguu, tukafukia. Abubakar akashindilia kwa kisigino, vizuri, kama anayeshindilia nguzo.

Shimo la tatu ndipo vita vilipoanza!

Bimkubwa akaonyesha kwa kidole cha mguu. Ndani kwake! Nikasema mama, hapo si hapo, hapo unajinyima. Akasema hapo ndipo. Nikavuta jembe kuja upande wangu. Abubakar akavutika nalo. Bimkubwa akasema Kaloki usinipe sadaka, sijafiwa. Nikasema na wewe usinipe, ulimwosha mama yangu. Akasema nilimwosha rafiki yangu, sikukuosha wewe. Anasogeza mguu huku, mimi navuta jembe kule, na Abubakar katikati, jasho linamtiririka, mpaka akaliachia akasimama wima.

"Nyinyi mnagombania kupunjwa?"

Menza alikuwa ameketi chini. Anacheka bila sauti, mabega tu. Hivyo hatujakubaliana. Jembe limesimama kwenye shimo la tatu, na shimo lenyewe ni refu kama mtaro kwa sababu ya kuvutana, linaanzia kwake linaishia kwangu. Matunguu gunia zima bado yanangoja. Kona ya mkorosho bado. Kona ya kichuguu bado, na hiyo hata miguu haiijui. Kamba iko palepale kwenye vigingi. Nguzo ziko hapa chini ya makalio yangu, baridi, hazijasema zinakwenda wapi.

Na jingine. Nilipokuwa nachagua tunguu la shimo la tatu, Bimkubwa akanizuia mkono. Akainama — akainama! Muhsina akapiga ukelele — akaonyesha chini ya kijani kidogo kabisa. Mayai. Yamebanana, meupe, madogo kama chembe za wimbi. Mimi na macho yangu mawili sikuyaona. Yule nondo wa Jumatano, bila shaka, niliyemwachia. Nikatoa kidole gumba. Bimkubwa akasema haya ponda, lakini kesho watakuja wengine. Watu wanaopanda yungiyungi wakubali kuligeuza, jani baada ya jani, kila asubuhi. Mimi upande wangu, yeye upande wake.

Abubakar akauliza kila asubuhi mpaka lini.

Bimkubwa akasema yeye hawezi kuinama mwezi mzima, basi ajue mwenyewe nani atamgeuzia majani.

Asante, viwavi. Siwaombei uzima, lakini asante.

Chai imeitwa. Kamene amekuja na birika kupitia mlangoni — mlango wenye matunguu mawili tu na hewa — na akaifuata njia kana kwamba kuna ukuta huku na huku. Wote wamekwenda barazani kwa Bimkubwa. Wote isipokuwa Abubakar. Amechuchumaa penye gunia. Anatoa tunguu moja moja, analigeuza kijani chake, anatazama chini yake, analiweka kando. Sasa amepata mayai. Amelamba kidole gumba, akayaponda.

Ananiita. Anasema mzee, njoo na hilo jembe, kabla hajarudi shangazi tuchimbe sisi, mahali pa haki, yeye ashike huku na mimi kule — naenda, kalamu ingoje.